Mama Imakulata na Mikeka ya Jumamosi

Ijumaa ya tarehe 29 Mei 2026, Mama Imakulata Osward anatimiza miaka sitini na kuvua aproni yake ya bluu, baada ya kuipikia Shule ya Sekondari Itogolo kwa miaka thelathini na mmoja na miezi kumi na moja. Umebaki mwezi mmoja tu afikishe thelathini na miwili, na mwenyewe anasema mwezi huo anatuachia sisi tuutumie vizuri. Nimepewa kuandika wasifu huu kwa kuwa mimi ndiye karani wa shule. Lakini hata angepewa mtu mwingine, ningempigia magoti aniachie, kwa jinsi ninavyompenda mama huyu.

Mama Imakulata alizaliwa Kibaoni, kwenye nyumba ya wakulima wa mpunga. Alifika Itogolo Julai 1994 kumshikia nafasi kwa wiki mbili mpishi aliyekuwa mgonjwa. Mpishi yule alipopona na kurudi, alikula sahani moja ya maharage ya Mama Imakulata, akaomba ahamishiwe bustanini. Jiko la wakati huo lilikuwa mafiga na mabati manne. Leo lina majiko banifu sita na bomba la maji ndani, na wapishi tisa wamejifunza kazi chini ya jicho lake. Kuna mwaka mkaguzi alikuja kuonja chakula. Alionja, akasema hajaridhika na ukaguzi wake, akaletewa sahani ya pili. Ya tatu aliifuata mwenyewe.

Lakini hatumuagi Mama Imakulata kwa sababu ya majiko. Tunamuaga kwa sababu ya mikeka.

Wageni hawaujui mtindo wetu, kwa hiyo niueleze. Tangu mwaka 1998, kila Jumamosi asubuhi shule nzima huchambua maharage ya wiki. Mikeka hutandikwa bwaloni, na kila mkeka hukaa wanafunzi sita wa vidato mchanganyiko, wakipewa sado moja, yaani kopo la lita nne, ya maharage yenye mawe na makapi yake. Majina ya kila mkeka anayapanga yeye mwenyewe, na huyabadilisha kila mwezi. Wakimaliza, mmoja wao hupeleka sado kwenye gunia anaposimama Mama Imakulata, na kabla ya kumwaga lazima ataje watu wote wa mkeka wake kwa majina, na kwa kila mmoja aseme habari moja ya nyumbani kwao. Huyu mama yake amejifungua, yule ng'ombe wao amepotea, yule babu yake amepata miwani. Ukishindwa mmoja tu, sado inachanganywa tena na mawe na mkeka wote unarudia. Mkuu wetu wa shule, Mwalimu Cletus, aliwahi kukaa mkekani siku yake ya kwanza kazini akamsahau mtoto mmoja aliyetoka kijiji cha Magamba. Alirudia. Ameniruhusu niliandike hili, huku akicheka.

Machi 2020 shule zikafungwa kwa ajili ya korona. Tuliporudi mwishoni mwa Juni, tulikuta ndoo za kunawia kila mlango, na mikeka imekunjwa stoo. Ilikuwa sawa kabisa. Hakuna aliyetaka watu sita wapumuliane juu ya sado moja. Kila mmoja akaja na sahani yake, akala peke yake, akaenda zake. Maharage yakachambuliwa na wapishi.

Tatizo ni kwamba ugonjwa ulipopungua, sisi hatukurudi. Ilifika mwaka 2022 bado tunakula tumepeana migongo. Kwaya ilikufa. Mchakamchaka wa asubuhi walikimbia watu kumi na wawili, na huo wimbo waliimba wawili. Sisi wa Kidato cha Nne, maana wakati huo nilikuwa mwanafunzi hapa hapa, hatukumjua mtoto hata mmoja wa Kidato cha Kwanza. Hatukuwa na ugomvi. Tulikuwa tu kama abiria stendi, kila mtu na basi lake.

Februari mwaka huo, msichana wa Kidato cha Pili aitwaye Rosine alibeba tranka lake akaondoka bwenini bila kuaga. Zilipita siku tatu bila mtu yeyote kujua. Aliyegundua ni Mama Imakulata, kwa sababu kwenye foleni ya chakula palikosekana bakuli la njano lenye ufa. Akaja bwenini kuuliza. Aliyelala kitanda cha juu ya Rosine, ambaye kila usiku alimkanyagia ukingo wa godoro akipanda kulala, alimjibu, "Rosine yupi, mama?"

Huyo nilikuwa mimi.

Mama Imakulata hakunigombeza. Laiti angenigombeza! Alikaa kidogo kwenye kitanda kile kitupu, akainuka. Kesho yake alikodi bodaboda hadi Sibwesa, njia yote tope, akamkuta Rosine yuko kwao mzima, anapalilia karanga na mama yake. Wazazi walidhani shule imemrudisha. Mama Imakulata alimwomba arudi naye. Rosine alikataa kwa adabu zote. "Mama, nyie wapishi mnanijua. Lakini nikirudi kule bwenini, narudi kwa nani?"

Mama alirudi peke yake. Ametusimulia mara nyingi kwamba njia nzima alikuwa na swali hilo tu kichwani, na kwamba aliona akistaafu bila kulijibu atakuwa amepika miaka yote ile bure.

Jumamosi iliyofuata akatoa mikeka stoo, akaikung'uta, akagonga kengele. Walikuja wanafunzi wanne. Akawashukuru, akawapa chai, akasimama mstarini Jumatatu na kutangaza kwa upole kabisa kwamba wiki hii maharage yatapikwa yalivyo. Sisi tulidhani anatania. Saa saba mchana, kaka mkuu wetu Salvatori, ambaye kwa tabasamu lake alijulikana hadi shule ya jirani, aliuma jiwe. Sauti ilisikika meza ya tatu. Jino halikung'oka, lakini lilipungua kidogo kwenye kona, na Salvatori alililia lile jino kama aliyefiwa. Kufika jioni bwalo zima lilikuwa linatema mawe, na malalamiko yakafika ofisini.

Mwalimu Cletus alimwita akiwa amekasirika kweli. Mama Imakulata akajibu, "Mwalimu, mimi nina mikono miwili. Wenye maharage wako mia nne na kumi." Alipewa Jumamosi moja. Wanafunzi wasipokuja, anaondolewa jikoni na barua yake ya onyo inaandikwa. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na tano, na hilo jiko lilikuwa ndiyo maisha yake.

Jumamosi hiyo mvua ilinyesha juu ya bati mpaka huwezi kusikia kengele. Saa tatu bwalo lilikuwa tupu, mikeka sitini na tisa imetandikwa, sado zimejazwa, na mama huyu amesimama peke yake kando ya gunia na aproni yake. Mimi nilichungulia dirishani nikaona aibu kuingia, na nikaona aibu zaidi kuondoka. Ndipo akatokea Salvatori, amelowa chapachapa, anaongoza watu kama thelathini. "Tumekuja kulinda meno," alisema, akakaa. Nyuma yao wakaja wengine kuangalia wanaocheka wanacheka nini. Nikaingia na mimi. Kufika saa nne hapakuwa na mkeka mtupu.

Mkeka wangu ulikuwa na watu watano. Nafasi ya sita Mama Imakulata alikuwa ameweka bakuli la njano lenye ufa, ambalo Rosine alilisahau kwenye chanja nyuma ya jiko. Tulichambua sado yetu vizuri, nikapewa mimi kuipeleka. Nikataja wenzangu wanne na mimi mwenyewe, na habari tulizotoka kuulizana pale pale. Akaniuliza, "Na wa sita?" Nikasema Rosine. "Habari ya kwao?" Sikuwa nayo. Akamwaga konzi ya mawe kwenye sado yangu. Tukarudia, tukarudia tena, mara tatu siku hiyo, na wenzangu wakanitazama kwa macho niliyostahili. Mara ya nne tukamfuata wote watano. Tukamwambia, "Mama, hatujui. Tupe namba ya simu ya kwao, tumuulize."

Tulipiga kwa simu ya ofisini. Tuligombania ile simu. Rosine alishangaa, halafu akaanza kutuambia, pole pole, kwamba mdogo wake ameanza kutembea, na kwamba karanga mwaka huu zimekubali. Nikamwomba msamaha. Nikamwambia kitanda chake kimekaa vibaya bila mtu. Nikarudi kwa Mama Imakulata nikataja watu sita na habari sita, akaipokea sado yetu, naye akageukia ukuta akajifuta uso na aproni, akisingizia moshi. Jiko lilikuwa halijawashwa.

Jumamosi iliyofuata Rosine aliingia bwaloni na tranka lake kichwani, akaenda moja kwa moja kukaa penye bakuli lake. Leo anasomea uuguzi Sumbawanga, na ndiye aliyesimama nami siku ya ndoa yangu mwezi uliopita.

Ndiyo, nimeolewa, na nitaomba mistari michache tu! Kwenye mkeka ule wa mwaka 2022 kulikuwa na mvulana wa Katumba aitwaye Gratien, ambaye wakati ule tuligombana tu kwa sababu alificha mawe chini ya mkeka ili tumalize haraka. Miaka mitatu baadaye tulikutana sokoni Mpanda, na kabla hata ya kunisalimia akataja jina langu, kwetu, na habari ya nyumbani niliyoisema siku ile ya mvua: kwamba baba ameezeka nyumba upya na mama hataki kuhamia hadi rangi ikauke. Moyo wangu ulikwisha pale pale. Nani mwingine duniani angenikumbukia rangi ya nyumba ya mama? Nikiamka asubuhi nikamwona mume wangu, namshukuru Mungu, kisha namshukuru Mama Imakulata.

Na siko peke yangu kumshukuru. Tangu siku ile kwaya imefufuka, mchakamchaka unaamsha majirani, na mtoto akikosekana bwenini saa moja tu, watu watano wamekwisha kuja ofisini kwangu kuulizia.

Jumamosi iliyopita tulimwomba kwa mara ya kwanza akae mkekani kama mwanafunzi, na Salvatori, aliyekuja kwa heshima yake na jino lake lile lile, akasimama kwenye gunia kupokea. Mama Imakulata alichambua sado bila kuacha hata kapi moja. Akasimama mbele ya gunia, akataja wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne, na habari zao hadi majina ya mbuzi. Alipofika kwa wa tano, mtoto wa Kidato cha Kwanza aliyempangia mkeka yeye mwenyewe Januari, akaishusha sado chini. Akatazama bwalo lote, akasema, "Huyu nimemsahau."

Mama huyu anayajua majina mia nne na kumi na ya mama zao. Sote tukaelewa kwamba hakutaka Jumamosi ile iishe. Salvatori akachota konzi ya mawe, akamwaga kwenye sado. Mama Imakulata akarudi mkekani akakaa, akaanza upya, jiwe moja moja, na shule nzima ikakaa chini kumsubiri. Hakuna aliyemharakisha.

Asante, mama yetu. Nenda Kibaoni ukapumzike, ule chakula kilichopikwa na wengine, na Mungu akupe siku nyingi zenye afya na wageni wengi mlangoni. Mkeka wako tumeuacha umetandikwa, na wa sita ni wewe. Tutakupigia kila Jumamosi kuuliza habari ya nyumbani, maana bila hiyo sado yetu haipokelewi.