Sindano Zisizo na Tundu

Fundi cherehani alipanda basi, akaketi, akamgeukia jirani yake. "Shikamoo, mama." Begi kubwa lililofunikwa shuka halikuitikia.

"Hilo ni begi langu, mzee," alisema dada aliyekaa dirishani.

Abiria walicheka, naye fundi akacheka kuwashinda wote. "Ni ugonjwa wa sukari unanila macho, mwanangu. Na mimi nalaumu sindano, eti siku hizi zinakuja bila tundu!"

"Umepima presha ya macho?" dada akauliza. " Sukari ya mama yangu ilikaa juu mpaka presha ikapanda ndani ya jicho, ikamla mshipa wa kuonea taratibu, bila maumivu. Jicho lile halikurudi."

"Nitakwenda nikimaliza suti ya bwana harusi."

"Utaishona kwa macho gani?"

Basi liliposimama mbele ya hospitali, fundi akainuka. "Nionyeshe mlango, mwanangu, nisije nikashukia dirishani."