Lango la Hestwick Lilivyofunguka

Osbern, vua upanga uuweke mlangoni, uje ukae hapa ambapo jicho langu zima linakuona. Wewe Aubree, acha kunifuta jasho, mwanangu, nenda ukae upande ule mwingine. Padri Anketil, nyoosha ngozi yako ya kuandikia uchovye kalamu, na nitakalosema uliandike kama nilivyolisema, usinitie maneno ya kanisani kinywani. Na yule mtu aliyejibanza pale mlangoni na harufu ya nguruwe, mpeni kigoda. Najua anatia matope sakafuni. Nimemwita mimi.

Mimi ni Turstin, bwana wa Brevalon ng'ambo ya bahari na bwana wa Hestwick hapa Uingereza, na kifua hiki mnachokisikia kinakoroma kilipokea mishale mitatu nisirudi nyuma hata hatua moja. Nataka mwanzo uandikwe hivyo hivyo. Wanangu, ninyi mmezaliwa na watu. Babu yake babu yangu alitoka kaskazini na jahazi moja na shoka moja, akashuka pwani ya Brevalon hana hata nguo ya kubadilisha, akafa ana mto mzima, kingo zote mbili. Mwanawe akajenga mnara wa magogo. Baba yangu akaubomoa akajenga wa mawe, kuta nene kiasi kwamba mtu mzima akijilaza dirishani miguu haitokezi nje. Ardhi yetu inaanzia kwenye mchanga wa bahari, inapanda kwenye bustani za matofaa, inapita kinu cha maji, inaingia msituni, na mpanda farasi akitoka asubuhi ameshiba ataona njaa mara mbili kabla hajaimaliza. Askari kumi na wawili wa farasi wanakula kiapo kwetu. Nyangumi akikwama ufukoni, mwili ni wa mtawala lakini ulimi ni wetu, na mimi nimeula ulimi huo mara nne, nikiwakaribisha majirani waje watazame tu.

Yote hayo, Osbern, ni yako. Wewe ndiye mzaliwa wangu wa kwanza, mama yako Helvise alikufa akikuzaa kabla sijavuka bahari, na Brevalon haijawahi kukatwa vipande tangu lile jahazi lifike. Chukua mnara, kinu, matofaa na msitu. Mjane wa Rualen usimtoe kwenye nyumba yake karibu na kinu, maana mumewe alikufa akinikinga mimi. Ugomvi wetu na watu wa Clerbec juu ya ule msitu nimeuchoka, ila ukiwaachia hata gogo moja nitafufuka nije kukuchapa.

Sasa Hestwick. Nipeni maji kwanza.

Habari ya Hestwick mmeisikia tangu mko mapajani. Namna nilivyoruka handaki na farasi wangu wa kijivu, nikalipasua lango kwa shoka, nikapigana na Waingereza ndani ya ua mpaka wakatupa silaha. Mwaka wa kwanza nilipoisimulia, Waingereza walikuwa kumi. Osbern ulipong'oka meno ya utoto walikuwa ishirini. Ulipoota ndevu walifika hamsini, na wapo wazee kule Brevalon wanaoapa kwamba walikuwepo wakaniona, na wakati ule walikuwa wakikamua ng'ombe wao nyumbani.

Jana, Osbern, uliniambia, na uliniambia kwa adabu, sikulaumu: "Baba, Hestwick si ya ukoo. Uliipata kwa mkono wako mwenyewe, na mtu alichokipata kwa mkono wake humpa amtakaye. Nipe mimi. Dada nitamtafutia nyumba nzuri ya watawa." Ulisema kweli. Ndiyo desturi yetu. Na najua umeshamwahidi baba mkwe wako kwamba mwanao wa pili atakaa hapa. Aubree alikusikia. Aliinuka akaongeza kuni motoni, yeye ambaye tangu afiwe na mumewe miaka kumi iliyopita ndiye anayeiendesha Hestwick, aliyekausha bwawa lile la chini mpaka leo linatoa shayiri. Nilimtazama mgongo, nikaona aibu. Mimi, aibu. Maana ulichokiomba unakiomba kwa hadithi yangu mwenyewe, na hadithi ile ni ya uongo.

Kaa chini. Nimesema kaa chini, Osbern. Nitasema mara moja tu, sina pumzi ya kurudia.

Nilifika hapa na watu ishirini na barua ya mfalme, wiki tano baada ya vita vikubwa tulivyowashinda Waingereza. Mvua ilikuwa inanyesha. Farasi wa kijivu alikuwa anachechemea, nikamwongoza kwa mguu. Tumbo lilikuwa linanikata kwa maji ya mitaro tuliyokunywa njiani, na nilipolifikia handaki nilikuwa nimeinama chini ya mti natapika. Lango likafunguliwa kutoka ndani. Akatoka msichana mmoja, sketi yake ina matope ya makaburini mpaka magotini, kwa sababu alikuwa ametoka kwenye makaburi ya baba yake na kaka zake wawili, waliouawa katika vita vile. Funguo zote za nyumba zilikuwa kiunoni mwake. Alikuwa na mtawa mmoja aliyejua lugha zote mbili. Akauliza, "Mkubwa wenu ni yupi?" Vijana wangu wakanyoosha vidole chini ya mti. Akanitazama pale nilipoinama. Akasema, "Huyu?"

Ndiyo, chekeni. Nami ningecheka.

Akaniambia: "Ukiyachoma haya utapata majivu. Ukinioa utapata mashamba na watu wa kuyalima. Lakini ardhi ni ya baba yangu, sasa ni yangu, na sikupi wewe. Nitawapa watoto nitakaowazaa mimi. Wewe utakula humu maisha yako yote." Nikamwambia yule mtawa amwambie kwamba mwanamke hawezi kunipangia mimi. Akanipa supu. Siku ya tatu nikamwoa.

Siku hiyo tulikwenda kwenye jiwe la mpaka, mbele ya kijiji kizima. Wulfrun, ndilo jina la yule msichana, alikata pande la udongo na nyasi zake kwa kisu chake, akalishika yeye, akanitaka niweke mkono wangu chini ya mkono wake, nikaapa. Na kwa kuwa hatukuwa na mwandishi, tulifanya kama wanavyofanya kwetu Brevalon, tukawapanga watoto wanne wasikie kiapo, kisha kila mmoja akapigwa kofi zito ili asisahau mpaka anakufa. Niliwapiga mimi mwenyewe. Watatu wamekwisha kufa. Wa nne ni huyo aliyekaa kigodani.

Leofwin, ulikuwa na miaka mingapi?

"Saba, bwana."

Niliapa nini?

"Uliapa ardhi ni ya mama Wulfrun, na baada yake ni ya watakaotoka tumboni mwake, si wengine. Halafu ukanizaba."

Kwa nguvu?

"Sikio hili halisikii vizuri mpaka leo, bwana. Ila sijasahau."

Umesikia, padri? Andika. Osbern, usikunje uso kwamba ni mchunga nguruwe. Mchunga nguruwe huyu angeweza kuniumbua mbele ya wageni wangu wote kila Krismasi, akakaa kimya miaka arobaini kwa sababu Wulfrun alimwambia akae kimya.

Kwa nini nilidanganya? Kwa sababu nilikuwa kijana, nikarudi Brevalon, wenzangu kila mmoja ana kovu na kisa, nami nina nini? Nina supu. Nikaongeza farasi kidogo, nikaongeza shoka, na hadithi ikapendeza, nikashindwa kuirudisha. Wulfrun alikuwa akikaa pembeni yangu mezani akinimiminia kinywaji huku nikimpasulia lango lake mbele ya wageni. Nikamwuliza mara moja, mbona hujawahi kunikanusha? Akasema, "Watu wangu wanajua. Wa kwako waache wafurahi."

Sasa nisikilizeni vizuri, na hapa siombi radhi, hapa najivuna. Mabwana wangapi walipewa ardhi upande huu wa bahari wakachomewa nyumba wakiwa ndani? Mimi nimelala Hestwick miaka arobaini bila mlinzi mlangoni kwangu. Hakuna mtu wa damu yetu, tangu yule wa jahazi, aliyewahi kupewa kitu kama nilichopewa mimi, nami nikakificha nyuma ya farasi mgonjwa. Nilioa mtu mkubwa kuliko mimi. Hilo liandike kwa herufi nene.

Kwa hiyo, Osbern, siwezi kukupa Hestwick. Si kwamba sitaki. Haijawahi kuwa yangu; ilikuwa ya Wulfrun, na tangu afe ni ya Aubree aliyemzaa. Leofwin, toa kikapuni lile pande la udongo nililokuagiza ulikate, umpe Aubree. Shika, mwanangu, usiogope kuchafua shuka. Osbern, weka mkono wako chini ya mkono wa dada yako. Nasubiri.

Nasubiri, Osbern. Kufa ninaweza kuchelewesha kidogo, si sana.

Ahsante. Umefanya jambo gumu kuliko yote niliyowahi kuyafanya kwa shoka. Deraya yangu na upanga ni vyako, na farasi uchague mwenyewe. Baba mkwe wako mwambie mimi ndiye niliyekuharibia.

Nisogezeeni mto. Hapo.

Mungu awaweke, wanangu. Awape mvua kwa wakati wake na watu watakaowaambia ukweli. Pandeni bahari mtembeleane. Osbern, watoto wako wamjue shangazi yao. Aubree, kaka yako akija usimpe kiti cha nyuma. Nawabariki kwa... padri, malizia wewe hayo ya Kilatini, baadaye.

Limebaki moja. Aubree. Njoo karibu, sauti inakwisha.

Maisha yangu nimepiga magoti mara mbili, nikatia mikono yangu katikati ya mikono ya mfalme, niitwe mtu wake. Wafalme wawili. Sikumpigia mtu mwingine. Leo magoti hayakunjiki. Mikono ipo. Ishike. Hivyo, yangu katikati, yako nje.

Niko juu ya ardhi yako. Siwezi kulala humo bila ruhusa. Naomba... urefu wangu tu. Pembeni ya kaburi la mama yako, kushoto kwake. Mimi Turstin... ni mtu wako.

Usilie. Usinijibu kama mtoto. Nijibu kama bwana.

Padri. Andika... amekubali.