Usimzibie Mtu Mlango

Ndugu waombolezaji, mimi ni kitinda mimba wa nyumba hii, niliyebebwa mgongoni na marehemu na kulambwa naye makofi ya kutosha, ndiyo maana wenzangu wameona niwasomee mimi safari ya maisha yake.

Dada yetu alizaliwa tarehe 9 Mei 1957, mtoto wa kwanza wa fundi cherehani na mkewe, akasoma shule ya msingi iliyo nyuma ya soko, kisha sekondari ya bweni, na mwaka 1978 akahitimu uuguzi, akapangiwa wodi ya wagonjwa wa akili, ambayo wenzake waliikwepa kwa kila kisingizio.

Tarehe 2 Februari 1979, akiwa bado mgeni kazini, alisimama katikati ya mlango na trei ya chuma mkononi, mbele ya mgonjwa mmoja, seremala wa miraba minne, aliyekuwa akilia kwamba chumba kinaungua, naye dada akamwambia hapa hapiti mtu, basi seremala akanyanyua kigoda, akamtwanga nacho, taya likavunjika, meno matatu yakaruka, akamkanyaga akapita. Mlinzi akaja na rungu, akaanza kumshushia seremala kipigo cha mbwa mwizi, na dada, damu ikimchuruzika kifuani, akainuka akamtandika mlinzi trei ya uso mpaka rungu likaanguka.

Taya lilifungwa waya wiki sita, akawa hawezi kusema, na mliomjua mnajua kwamba hiyo ndiyo iliyomuuma kuliko kigoda, lakini aliporudi kazini alirudi na somo lake, kwamba yule mtu hakumpiga yeye, alipiga kilichomzibia njia, na tangu hapo kila muuguzi mpya alifundishwa kusimama pembeni, mgonjwa auone mlango. Wodi ikamwita Sista Mlango. Msidhani hakupigwa tena, mwaka 1983 alivunjwa kidole, mwaka 1991 alipasuliwa nyusi, na bado alisimama pembeni.

Tarehe 20 Desemba 1980 alifunga ndoa na mlinzi yuleyule, shemeji yetu huyu mnayemwona na kovu lake puani, wakajaliwa binti na mwana.

Agosti 2022 aligundulika na uvimbe kichwani, ukamgeuza, akawa hatutambui, akamng'ata binti yake, akanivunja jino kwa kikombe, na tarehe 11 Machi 2023, mchana, tulikuwa tumemkandamiza kitandani, wengine tumejipanga mlangoni asitoke, shuka mkononi tumfunge, naye anapiga mateke na kutulaani. Shemeji akaingia, akatusukuma mmoja mmoja kwa hasira, akaniuliza kama nimesahau mke wake ni nani, akaufungua mlango mpaka ukutani, akasimama pembeni. Dada akautazama, ngumi zikalegea, na saa tisa alasiri akafariki, mikono yake ikiwa huru.

Tunawashukuru madaktari, majirani mliovumilia kelele zile bila kutusema, na ninyi wauguzi wa wodi yake, ambao tangu asubuhi nawaona mmesimama pembeni mwa mlango.

Dada, njia ni nyeupe. Pumzika kwa amani.