Kapteni Taratibu, Namba Arobaini na Moja

Tarehe thelathini mwezi huu, baada ya miaka ishirini na tisa ya kurusha ndege, Kapteni Taratibu anastaafu. Wasifu huu ulipaswa kuandikwa na rubani mwenzake. Lakini marubani wa kampuni yetu ya zamani na wale wa kampuni tuliyoungana nayo hawakukubaliana nani ashike kalamu, ndipo kazi ikashushwa kwetu wapakiaji wa mizigo. Sisi hatumo kwenye orodha ya mtu.

Jina la Taratibu tulimpa sisi. Kabla ya kila safari aliizunguka ndege kwa miguu, akapapasa matairi, akatusalimia mmoja mmoja na kuuliza habari za nyumbani, hata sisi ambao nyumbani ni mbali na hatujafika miaka mingi. Safari moja hakuridhika na mizigo ilivyopangwa, akaingia mwenyewe kwa magoti tumboni mwa ndege. Akakwama. Tulimvuta miguu, kiatu kimoja kikabaki nyuma ya masanduku. Muda ulikuwa umekwisha, akairusha ndege mguu mmoja una soksi tu.

Amefundisha marubani kumi na tisa. Hajawahi kukwaruza bawa.

Sasa niseme lililotushtua. Kampuni zilipoungana mwaka jana, orodha mbili za ukongwe wa marubani zilitakiwa ziwe moja. Orodha hiyo ndiyo inayoamua nani kapteni, nani msaidizi. Ndege ndogo ziliuzwa, viti vya ukapteni vikabaki arobaini tu. Kampuni yetu ilihesabu ukongwe tangu siku ya kuajiriwa. Wenzetu walihesabu tangu siku rubani aliporusha abiria mara ya kwanza. Marubani wetu waliajiriwa kwanza, wakasomeshwa mwaka mzima. Wa kwao waliingia na leseni mkononi. Kwa hesabu yetu, marubani wetu waliwatangulia wenzao kwa mwaka ule wa darasani.

Watu wakanuniana hadi angani. Marubani wawili walikaa pamoja safari nzima bila neno lisilo la kazi. Abiria hawakujua. Sisi tuliwaona wakishuka, kila mmoja na uso wake.

Kapteni Taratibu alikuwa mwakilishi wa marubani wetu kwenye mazungumzo ya orodha, na namba tatu kwenye orodha yetu. Siku ya kutangaza orodha mpya nilikuwa ukumbini, nimepeleka viti. Akasimama, akasema amekubali hesabu ya wenzetu, kwa kuwa darasani hakuna abiria. Rubani mmoja wa upande wetu akapiga meza.

"Mzee, umetuuza!"

"Nimeanza na mimi, ndugu yangu. Soma mstari wa arobaini na moja."

Tukasoma: jina lake, hatua moja nje ya viti arobaini. Mwaka wake wa kwanza alivunjika mguu kabla ya mtihani wa mwisho, akaja kurusha abiria karibu miaka miwili baada ya kuajiriwa, na wakati huo kampuni zote mbili zilikuwa zikiajiri kwa mafungu, kwa hiyo wengi walirusha abiria kabla yake. Alilijua hilo kabla hajatia saini. Hata walioshinda hawakupiga makofi.

Wiki iliyofuata mkewe alichukua wembe, akafumua mstari wa nne, ule wa ukapteni, kwenye mkono wa koti lake. Nilisikia, sikuamini, mpaka siku nilipopeleka karatasi ya mizigo chumba cha marubani. Kiti cha kushoto, cha kapteni, amekaa binti aliyemfundisha mwenyewe. Kwa mazoea nikamnyooshea mzee karatasi atie saini. Akaipokea, akaipitisha kushoto.

"Bosi wangu ndiye huyo."

Binti wa watu akaishusha kalamu. "Mwalimu, naona haya."

"Haya utaona tukishatua. Tia saini, Kapteni, watu wana safari."

Nilishuka ngazi na karatasi iliyotiwa saini. Mpaka leo sijui mtu anatoa wapi moyo wa namna ile.

Mwaka mzima amekaa kiti cha kulia, cha msaidizi. Marubani bado wana vijineno vyao, mmeona hata wasifu umewashinda, lakini siku hizi wanashuka ndegeni wakibishana kuhusu mpira.

Mkuu wetu Taratibu, ahsante kwa salamu zako na kwa kutuuliza hali. Ahsante na kwa mama wa nyumbani kwako, kwa kazi ile ya wembe. Tunakuombea afya na usingizi mnono. Kuanzia tarehe mosi hakuna wa kukuhamisha. Kaa kiti chochote unachotaka.