Siku Kumi za Burulcha Eje

Tarehe 30 Mei, Burulcha Sadyrova anastaafu baada ya miaka ishirini na mbili ya uuguzi katika wodi yetu ya vijana hapa Karakol. Sote humwita eje, dada mkubwa, hata daktari mkuu anayemzidi umri.

Kijana aliyejaribu kujiua, au aliyezidiwa na mawazo, hukaa nasi siku kumi mpaka atulie, kisha hurudi kwao. Eje hakuwa na papara nao. Aliwapa unga wakande boorsok, akawatania, "Haya ni maandazi au masikio ya punda?" Waliokuwa hawasemi na mtu walimjibu yeye.

Hatutasahau siku baba yake Aijamal alipokuja kumchukua binti yake, siku ya nne tu. Msichana alikuwa amemeza vidonge vya bibi yake, na alikuwa bado hajaahidi kwamba hatarudia. Eje akasimama mlangoni, na ufupi wake ule.

"Watu watasema ana kichaa," baba akalalamika.

"Waache waseme, kaka. Bora wamseme yuko hai. Niachie siku sita tu."

Yule bwana akakaa kwenye benchi, akavua kofia, akalia. Siku sita akaziacha.

Kanuni yetu ni kwamba vijana wakishaondoka hatuwatafuti. Eje aliishika. Akiwaona sokoni, hujifanya anachagua matufaha, ili wao wenyewe waamue kama wanamjua. Wengi hupita. Akirudi kazini hutuambia tu, "Amenenepa," na siku nzima hiyo anatabasamu.

Juma lililopita nilimuuliza ni nani angetamani kumwona kabla hajaondoka. Akataja jina nisilolijua: Saikal. Alikuwa na miaka kumi na mitano, mwaka ule wa kwanza wa eje kazini. Mjomba wake alikuja kumchukua siku ya tatu.

"Nilimfunga vifungo vya koti, nikanyamaza," eje akaniambia. "Sikujua kwamba naruhusiwa kukataa."

Hajasikia habari zake tena. Kila mwanamke wa miaka thelathini na saba anayepita, eje humtazama usoni.

Ahsante, eje wetu. Tunakutakia afya na mapumziko mema. Na tunakuombea siku moja mama fulani akusimamishe barabarani, akutajie jina lake.