Bingwa wa Kuogelea Juu ya Benchi

Mgeni rasmi, shikamoo. Viongozi mlioambatana naye, walimu wetu, wazazi mliotembea na mliopanda bodaboda kutoka Matongo na Susuni, karibuni kwenye fainali ya kuogelea kati ya nyumba za Shule ya Sekondari Kemorongo. Mtuwie radhi, viti vimepungua. Mabenchi tunayahitaji kwa mashindano, na sababu mtaisikia sasa hivi.

HISTORIA FUPI

Nyumba zetu ni nne: Mara, Mori, Grumeti na Rubana. Zote zina majina ya mito, na hakuna hata moja yenye maji. Miaka mitatu iliyopita wewe mwenyewe, mgeni rasmi, ulisimama hapohapo ukaagiza kila mwaka tushindane kuogelea na taarifa ifike ofisini kwako. Ukapigiwa makofi, ukapanda gari. Sisi tukabaki tunatazamana.

Mtoni kuna mamba. Tukaenda lamboni, na Mzee Tomaso mwenye ng'ombe akatuuliza, "Ng'ombe wangu wanywe maji mliyoogea ninyi? Kwa miguu hiyo?" Tukarudi. Ndipo wazazi wachimba dhahabu wakajitolea kutuchimbia bwawa, wakiongozwa na Mzee Mboje aliyekuja huku kutoka Shinyanga. Wiki tatu tukawapelekea uji. Walipotuita tukaone, lo! Walikuwa wamechimba duara kama yale ya machimboni: upana wa mtu mmoja, kina mita kumi na nne, na matimba ya miti ya kuzuia udongo yamepangwa vizuri kutoka juu hadi chini.

"Hili haliporomoki ng'o," alisema Mzee Mboje kwa fahari.

Mwalimu Erasto wa michezo alishika kiuno, akachungulia chini. Mawe yaliyotoka humo yalikuwa yameshapelekwa kusagwa, na walipoona hayana dhahabu ndipo wakafunga kazi. Tumelifunika kwa mabati.

MAFANIKIO

Agizo ni agizo, tukaogelea bila maji. Mshindani analala kifudifudi juu ya benchi, mwenzake anamshika miguu, kipenga kikilia anapiga mikono dakika nzima huku Mwalimu Erasto akihesabu. Rahabu Nyamhanga wa nyumba ya Rubana, Kidato cha Tatu, ndiye bingwa wetu tangu aanze shule. Mwaka jana alipiga mikono mara mia moja na kumi na mbili mpaka benchi likatembea. Ulicheka, mgeni rasmi, ukamshika mkono ukasema, "Huyu anafaa mkoa!"

Ulikuwa unatania. Aliyekuwa anaandika kando yako hakujua, akaliandika.

CHANGAMOTO

Fomu ya taarifa ina mahali pa jina, pa mita na pa muda. Haina mahali pa benchi. Mwalimu Erasto aliizungusha wee, mwisho akaandika mita hamsini. Mwezi huu imekuja barua yenye muhuri: Rahabu anatakiwa Musoma, aogelee ziwani, kwenye kina, na watoto waliozaliwa ufukweni.

Mgeni rasmi, Rahabu hajawahi kuingia kwenye maji yaliyompita magoti. Alifurahi siku ya kwanza tu, kwa sababu hajawahi kufika Musoma. Siku ya pili alichota maji bombani, akatumbukiza uso kwenye beseni la kufulia ajipime. Alihesabu hadi sita, akatoka akikohoa na macho yamemwiva. Tangu hapo chakula anakiacha. Anaogopa kufa, na anaona aibu kusema, maana kila anayekutana naye njiani anamwita bingwa.

Mama yake, Mama Wegesa, alikuja ofisini hapa shuleni. "Korongo la Susuni likijaa mwanangu huyu anavushwa mgongoni. Leo mnampeleka ziwani?" Akajibiwa kwamba barua imeshapigwa muhuri. Mwalimu Erasto alitaka kusema ukweli, akaulizwa taarifa za miaka mitatu atazieleza vipi. Rahabu mwenyewe aliambiwa aende tu, akifika ataona wenzake wanavyofanya. Jamani! Maji hayasomi fomu.

Tumechoka, mgeni rasmi. Tumechoka kupongezwa kwa kitu ambacho hakipo.

MAOMBI

Tulikuwa na maombi kumi, likiwemo bwawa. Tumeyafuta yote, limebaki moja. Gari la kwenda Musoma linaondoka kesho saa kumi na mbili asubuhi. Tunaomba leo, kabla hujakabidhi kombe, useme mbele ya watu hawa wote kwamba Rahabu haendi. Si kesho, si kwa barua. Ulipotania ulitania kwa sauti, watu wakasikia. Tunaomba na hili ulitamke kwa sauti ileile.

Hatumtafuti wa kulaumiwa. Tunaweza hata kuandika sisi wenyewe kwamba tulidanganya, tukasaini wote mia nne na kumi, walimu wetu wasiguswe.

Risala hii hatukumpa kiranja mkuu. Tumempa Rahabu aisome yeye, na ndiye aliyesimama mbele yako sasa, ili utakapotujibu umtazame usoni.

Mungu akulinde njiani, akulindie na watoto wako popote walipo, na akupe ujasiri wa dakika moja tu.

Ni sisi wanafunzi wa nyumba za Mara, Mori, Grumeti na Rubana,
Shule ya Sekondari Kemorongo.