Sidi Mfeddal Zeroual na Bei za Fundi Thami

Sidi Mfeddal Zeroual alizaliwa tarehe 9 Machi 1951 katika milima ya Jbala, kaskazini mwa Morocco, mtoto wa pili wa Hajj Ahmed Zeroual. Alisoma chuo cha Kurani kijijini kwao, kisha sekondari mjini Tetouan, ambako walimu waliupenda mwandiko wake.

Mwaka 1974 aliajiriwa katika ofisi ya manunuzi ya mji wetu, na miaka mitatu baadaye akamwoa Lalla Zhor. Kwa manunuzi madogo, sheria ilitaka bei za maduka matatu, na mwenye bei nafuu apewe kazi. Sidi Mfeddal hakuivunja sheria hiyo hata siku moja. Wakaguzi walikuja, wakanywa chai, wakaondoka wakimsifu. Ila bei ya tatu siku zote aliiomba kwa Fundi Thami, seremala jirani yake, na kabla bahasha hazijafunguliwa alikuwa amekwisha kumnong'oneza bei hiyo shemeji wa mwenyekiti wa baraza la mji, mwenye duka la samani, naye akaandika pungufu kidogo na kupewa kazi.

"Umekosa kidogo tu, fundi," alikuwa akimwambia. "Safari ijayo shusha."

Thami alishusha, akashusha tena, hadi mwaka 1998 akafunga karakana na kwenda Tangier kuwapigia wengine randa uzeeni. Sidi Mfeddal alijiona mwizi. Tangu hapo akawa anakwenda msikitini kwa njia ya nyuma, asiuone mlango wa karakana ile.

Alistaafu mwaka 2011. Figo zilipomlemea, Aprili mwaka huu, alimtuma binti yake Ghizlane akamlete Thami. Fundi alipofika, Sidi Mfeddal alishindwa hata kumtazama.

"Bei zako nilikuwa namvujishia shemeji wa mwenyekiti kila safari," alimwambia. "Nisamehe, fundi."

Thami aliiweka chini glasi yake ya chai.

"Mke wangu Yamna alikuwa ananisema sijui kupiga hesabu," akasema. "Amekufa anaamini hivyo."

"Nisamehe."

"Mimi nimeshakusamehe, Mfeddal. Yamna utamkuta huko. Kamwombe mwenyewe."

Sidi Mfeddal alifariki nyumbani kwake alfajiri ya Ijumaa, tarehe 5 Mei 2023. Aliagiza haya yasomwe kwenye chakula cha siku ya tatu, Fundi Thami akiwa ameketi mbele, na ndivyo ilivyo leo.

Ameacha mjane, Lalla Zhor, watoto Ghizlane, Anouar na Hafsa, na wajukuu wanne. Mwenyezi Mungu amrehemu, na Lalla Yamna amsikilize.